Pua ya Mtakatifu Yohana

Kila Jumapili ya Pasaka, kunapopambazuka, sanamu ya Mtakatifu Yohana hukimbizwa mara tatu hadi kwa Bikira Maria kumpasha habari kwamba mwanawe kafufuka. Hubebwa na wanaume wanne. Mwaka huo walikuwa watatu, wa nne yuko hospitalini mjini Tegucigalpa, amelazwa na goti lake, na padri alishasema kwamba wasipotimia, Yohana atabaki kabatini. Mwenye kimo cha kuziba pengo alikuwa mmoja tu, Nicanor, ambaye hakuwa amekanyaga kanisani tangu sanamu ilipoanguka na kuvunjika pua, miaka ishirini na sita iliyopita.

Basi Jumamosi asubuhi Tiburcio, mmoja wa wale watatu, yule aliyemfunga mamba mdomo kwa rozari, au ndivyo asemavyo, alimpelekea shemeji yake huyo sahani ya mkate wa Pasaka uliolowa shira ya sukari guru.

"Shemeji, kesho tunalihitaji bega lako."

"Nimekuwa karani wa mahakama miaka thelathini," Nicanor akasema, mkono umeshafika kwenye sahani. "Niletee ushahidi unaosimama kwamba kafufuka, nitabeba. Mathayo ana malaika mmoja kaburini, Luka ana watu wawili. Marko anataja wanawake watatu, Yohana anamtaja Magdalena peke yake. Hilo ni faili au ni soko?"

"Na wangekuletea maelezo manne yanayofanana hadi nukta?"

"Ningejua wamekaa wakapangana."

"Basi hawa hawakupangana. Ila wote wanasema kaburi lilikuwa tupu, na mwanamke ndiye aliyetangulia kulikuta. Zama zile neno la mwanamke barazani lilikuwa jepesi. Mtunzi angemtanguliza Petro, kasimama na upanga. Petro yuko wapi? Kajificha, baada ya kumkana bwana wake mbele ya kijakazi. Shemeji, mimi ni mwongo mzoefu. Umewahi kunisikia nikidanganya nikatoka mwoga?"

"Mamba alikuomba msamaha, ulisema."

"Na nikamsamehe."

Nicanor akalamba kidole. "Mjanja hujiaibisha ili aaminike."

"Akiona faida. Wale walipata viboko na jela."

"Nionyeshe mtu mmoja aliyejiaibisha bure. Mmoja tu."

Tiburcio akautazama mkate. Hoja alizokuja nazo zilikuwa zimekwisha.

"Siku ile Yohana alipoanguka," akasema polepole, "watu walikulaumu wewe, kwamba urefu wako ulimyumbisha. Mimi nikasema ni mbwa aliyekatiza. Kwenye mteremko niliogopa, nikafumba macho, nikaachia mti wa kubebea. Dada yako hajui. Akijua, nitakula maharage yaliyolala hadi Pentekoste."

Nicanor aliisukuma sahani kando.

"Mbwa alikuwa wa rangi gani?"

"Hakukuwa na mbwa."

"Miaka yote ulisema wa kahawia."

"Nilimtunga wa kahawia."

"Hii naiamini," Nicanor akasema. "Ungekuwa unatunga, usingetunga hii."

"Basi mpime na Petro kwa kipimo hichohicho."

"Petro nitamfikiria. Wewe utayarudia maelezo yako kwa padri, dada yangu akiwepo."

Kesho yake Nicanor alishika mti wa mbele. Tiburcio aliwekwa nyuma, tumboni ana maharage ya juzi. Walipoukaribia mteremko, shemeji yake alisema bila kugeuka, "Fumbua macho, shahidi."

Yohana alikimbia mara tatu, na pua yake ya nta ikafika salama.