Manyoya ya Sajini

Wapangaji wa nyumba ya jirani, pale Mkuza, walihama Jumatatu asubuhi na kuchukua kila kitu, hadi pazia la choo. Walichoacha ni kasuku mmoja wa kijivu, ndani ya tundu lililoning'inia barazani. Justa alimsikia akipiga kelele siku nzima, na kesho yake tena. Siku ya tatu sauti ilipoanza kukauka, akamfuata balozi wa nyumba kumi, wakaingia uani wakamtoa. Ndege alikuwa amejinyonyoa kifua chote. Ngozi ilikuwa wazi, nyekundu, kama ya kuku aliyetoka kuchovywa kwenye maji ya moto.

"Huyu hafiki Jumapili," balozi alisema.

Justa alikuwa nesi kwa miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu. Maneno kama hayo aliyasikia mara nyingi yakisemwa juu ya watu, na baadhi ya watu hao bado walikuwa wakimsalimia sokoni. Akamchukua.

Mwezi mzima kasuku alikaa kwenye kona ya tundu, kampa mgongo. Halafu siku moja Justa alipoingia ndani akitoka ibadani, sauti nzito ya kiume ikamfokea kutoka jikoni: "Funga geti!" Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo akamwita Sajini.

Sajini alikuwa na mambo yake. Fagio alilichukia, na mwanamume aliyevaa kofia alimtukana kwa mluzi mpaka aivue. Pilipili alizitafuna kama karanga. Papai alikula mbegu, nyama akaitupa sakafuni. Na kila jioni alitoka tunduni, akapanda begani kwa Justa, akaanza kumchambua mvi, unywele mmoja mmoja, kwa mdomo ule ule uliovunja mifupa ya kuku. Hakuna aliyekuwa amegusa kichwa cha Justa tangu amzike mumewe, Sebastian, miaka minane nyuma. Binti yao wa pekee, Vailet, alikuwa Mwanza kwa mumewe. Alipiga simu akipata nafasi, watoto wakigombana nyuma yake.

Lakini Justa akitoka tu, hata kama ni mazoezi ya kwaya, akirudi alikuta manyoya yametapakaa sakafuni. Akamwita Faraji, daktari wa mifugo. Faraji alimgeuza ndege huku na huku, akamrudisha tunduni.

"Mama, huyu hana ugonjwa. Hana mwenzake."

"Mimi je?"

Faraji alifunga mkoba wake polepole. "Wewe ni mtu, mama."

Neno lile lilimkaa Justa kichwani siku mbili. Ya tatu akampigia Faraji, akamuuliza mwenzake Sajini anapatikana wapi.

Alipatikana Kisarawe, kwa Bi Mwanahalima, ajuza aliyekuwa akihamia Mbagala kwa mwanawe Dulla, kwenye vyumba viwili vya kupanga ambako mwenye nyumba hakutaka mnyama wala ndege. Justa alikwenda na Zablon, dereva wa bajaji anayeimba naye kwaya.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, nesi. Faraji kanieleza habari zako. Sogea nikuone. Mtoto wa jicho huyu, kila kitu kwangu kimekuwa moshi."

Kasuku wake aliitwa Siti. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hakujua neno hata moja la watu, kwa kuwa alikulia uani na kuku. Aliita kama kuku anayeita vifaranga, na vifaranga walimkimbilia kweli.

"Asubuhi mpe uji, usiwe wa moto," Mwanahalima alisema. "Na jina lake usimbadilishe."

"Sitambadilisha."

Mwanahalima akaingiza mkono tunduni, Siti akainamisha kichwa akunwe. Mkono ulikaa mle muda mrefu. Kisha mama yule akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Justa alisubiri amuage. Zablon alipokohoa mara ya pili, ndipo Justa alipoelewa kwamba Mwanahalima hatatoka.

Wiki tatu matundu mawili yalikaa mbalimbali. Sajini akiamrisha geti lifungwe, Siti akiita vifaranga wasiokuwepo. Asubuhi moja Justa akawaweka pamoja, akasimama na kitambaa mkononi, tayari kuwatenganisha. Hawakupigana. Sajini alimsogelea hatua kwa hatua, akashusha kichwa.

Kujinyonyoa kukakoma. Manyoya mapya yakaanza kuchomoza kifuani, laini, kama majivu. Justa aliitangazia kwaya nzima habari hiyo.

Jioni moja alifungua tundu, akatega bega. Sajini alimtazama, akamrudia Siti. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya nne aliponyoosha mkono, Sajini akamng'ata kidole mpaka damu. Justa akajiosha, akajifunga bendeji vizuri kama alivyowafunga maelfu, akajiambia kwamba hiki ndicho alichokitaka. Kisha akakata papai huku machozi yakimtoka.

Kila Ijumaa baada ya swala, Mwanahalima alipiga simu. "Mweke karibu nimsikie." Siti hakutoa sauti. Ijumaa moja akauliza, "Amenisahau?"

"Sijui, mama. Njoo umwone."

Dulla akamleta, akaenda kwenye shughuli zake mjini Kibaha. Mwanahalima aliushika waya wa tundu, akaita kama kuku anavyoita. Siti akainua kichwa, akaja, akakunwa kidogo. Sajini akatoa sauti ndogo nyuma yake. Siti akaondoka.

"Amekwenda?"

"Amemrudia mwenzake."

"Wamekaaje?"

"Wamebanana. Anamchambua shingoni."

Mkono wa Mwanahalima ulibaki kwenye waya. "Kule Mbagala wanatoka alfajiri wote. Nakaa peke yangu mpaka magharibi. Nilikuwa najiambia, Siti naye amekaa hivyo hivyo, ananisubiri. Kumbe hanisubiri. Alhamdulillahi." Lakini uso wake haukufanana na neno lile.

"Na mimi huyu wangu hanitaki tena," Justa alisema. Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Wakanywa chai mpaka Dulla aliporudi.

Ijumaa iliyofuata simu haikulia. Wala ya pili yake. Ya tatu, Justa akapiga yeye.

"Nilidhani huna la kuniambia tena," Mwanahalima alisema.

"Sina. Nimepiga tu."

Barazani, Sajini na Siti walikuwa wakigombania hindi la kuchemsha.

"Basi usikate," Mwanahalima akasema. "Kaa kidogo."

Justa akavuta kigoda, akakaa, simu sikioni.