Marekebisho Madogo

Asilimia tisini na tisa. Tarakimu nyekundu ilimkodolea macho Fundi, mwanamke aliyetunza programu ya hospitali kwa miaka tisa. Diski ya hospitali ilikuwa karibu kujaa pomoni; ikifika mia, wauguzi wasingeweza kuandika hata jina la mgonjwa.

"Futa historia, hayo matoleo yote ya zamani," alisema mkuu wa idara, amesimama mlangoni. "Kila picha ya dawa ikibadilishwa, nakala nzima inawekwa tena. Ya nini yote hayo? Bakiza toleo la leo. Nakupa nusu saa, dada yangu."

Akaondoka. Fundi hakufuta kitu bila kukikagua kwanza, ndiyo kawaida yake. Alifungua faili la dozi za watoto wachanga, akasoma, akarudia. Mama wee! Mstari mmoja ulizidisha dozi kwa robo. Na dawa yenyewe ni ile ambayo ikizidi huharibu masikio ya mtoto polepole, mzazi asijue.

Aliiuliza historia, inayotunza jina la kila aliyebadilisha kitu na tarehe yake, nani aliyeandika mstari ule. Jibu likaja pale pale: jina lake, tarehe tatu Machi, miaka minne iliyopita. Kando yake alikuwa ameandika mwenyewe, "marekebisho madogo".

Aliogopa, aliogopa sana. Na njia ya kupona aliiona waziwazi: arekebishe mstari, afute historia kama alivyoamriwa, basi. Nani angemjua? Lakini tarehe nayo ingepotea, na bila tarehe nani angejua watoto gani waitwe kupimwa masikio?

Alirekebisha mstari. Kisha akatoa mkobani diski yake ndogo, akafuta video zote za harusi ya dada yake, akaanza kuhamishia historia humo. Dakika kumi na mbili alikaa akiitazama nakala ikihama. Nakala ilipokamilika, ndipo akafuta kwenye diski ya hospitali. Tarakimu ikashuka hadi sitini.

Akampigia simu daktari wa watoto, akamweleza yote.

"Tangu lini?" daktari aliuliza.

"Tarehe tatu Machi, miaka minne sasa. Ushahidi ninao."

"Nani alibadilisha?"

"Mimi, daktari."

Fundi akasikia daftari likifunguliwa, na daktari akaanza kusoma majina ya watoto waliopewa dawa ile tangu siku hiyo, moja baada ya jingine.