Mama wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mimi ni bibi shamba mstaafu, na sina dogo. Kitabu changu cha kilimo cha mpunga nilikiweka mtandaoni kwa leseni huria: soma, nakili, hata ukitaka kuuza, uza. Sharti lilikuwa moja tu, jina langu, Bernadeta, libaki.

Festo, niliyemfundisha kazi mwenyewe hapa Ifakara, akakichapa na jalada jipya na jina lake. Nilipompigia simu alicheka.

"Shikamoo mama. Si uliandika mwenyewe kwamba ni ruksa?"

"Ruksa kuuza, Festo. Siyo ruksa kunifuta."

"Mama, mambo ya leseni huku nani anayajua?" Akakata simu.

Hasira ile nililala nayo, nikaamka nayo. Nilitaka aumbuke, tena mbele za watu.

Siku ya uzinduzi nilikwenda ukumbini, nikakaa nyuma kimya. Mbele kabisa alikaa mama yake, Philomena, na kitenge kipya, akijivunia mwanawe. Mshereheshaji alipoomba mtu wa kusoma kidogo, nikanyoosha mkono. Festo alitaka kuzuia, lakini wakulima wa kijiji cha Michenga, niliowafundisha kupanda kwa mistari, walishaanza kunipigia makofi. Nikafungua ukurasa wa arobaini na moja, ambao yeye kwa uvivu wake hakuwahi kuusoma.

"'Nilimzika mama yangu Jumamosi,'" nikasoma taratibu. "'Jumatatu nikaingia shambani kuhamisha miche, nikapanda huku nalia. Ndiyo maana mistari ile ilipinda.'"

Watu wakageuka kumtazama Philomena. Kwetu kumtangazia kifo mzazi aliye hai ni uchuro, na huu ulikuwa umechapwa nakala mia tatu.

Philomena akasimama. "Festo, mimi umenizika lini?"

"Siyo wewe, mama. Ni mama wa..."

"Wa nani?"

Akanitazama nimwokoe. Nikamkazia macho.

"Mama wa Bernadeta," akasema kwa sauti ndogo. "Kitabu ni chake."

Kipaza sauti kilikuwa wazi, kila mtu alisikia. Philomena akamkalisha mezani na kalamu, aandike jina langu kwenye kila nakala kabla haijatoka nje. Yule mama nilimhurumia. Festo sikumhurumia hata kidogo. Nilivuta kiti nikakaa karibu yake, na kila mkono wake ulipochoka, nikamsogezea kitabu kingine.