Nafasi ya Marlys Mlangoni

Hospitali yetu hapa Minnesota humpa mfanyakazi bora wa mwaka nafasi ya kuegesha gari mlangoni kabisa, yenye kibao cha jina lake. Sisi wengine tunaegesha kule mbali, tunakuja tukiteleza kwenye barafu.

Mwaka huu akashinda Marlys, nesi wa wodi ya wazazi, ambaye hajawahi kuchelewa kazini. Nyumba yake iko ng'ambo ya barabara.

"Shoga, si unipe mimi hiyo nafasi?" nikamwambia. "Wewe unakuja kwa miguu."

"Nimepewa kwa heshima. Nikiiacha, watasema naringa."

Basi kila asubuhi akawa anafukua gari kwenye theluji, anakwangua barafu kiooni, anangoja injini ipate moto, ndipo anavuka barabara. Februari msimamizi akamwita kumwonya kwa kuchelewa.

Akatoka kainamisha kichwa.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Nikichelewa tena, wananinyang'anya nafasi."

"Si afadhali?"

"Afadhali nini, wewe? Nimemwahidi kuanzia kesho naamka saa kumi alfajiri, nifukue gari mapema."