Swali la Pia ya Goti

Mwaka 2014, Jokha alimleta mama yake, Bi Ikhlas, kutoka Unguja hadi kwake ng'ambo, mtaa wa Al Twar, ili abadilishwe goti. Lilikuwa limelika hata kuinuka kitandani ilikuwa kazi. Bi Ikhlas alikubali, akakataa, akakubali tena. Aliogopa kisu.

Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo siku ya kuonana na daktari Jokha ndiye aliyekuwa mkalimani. Dokta Adib alieleza jinsi atakavyokata ncha za mifupa iliyolika na kuweka za chuma. Kisha akagusa ule mfupa mdogo wa mbele.

"Hii pia ya goti tunaweza kuichonga kwa nyuma tukaivika plastiki, au tukaiacha ilivyo. Sisi madaktari wenyewe hatujakubaliana. Tukiiacha, wengine huumwa mbele ya goti baadaye. Tukiivika, mara chache huvunjika. Muulize mama anapenda lipi."

Jokha akamtazama mama yake. Mama alikuwa ameshaukamata mkoba, kama mtu anayetaka kwenda zake. Akisikia habari ya mfupa mwingine kuchongwa, sembuse kuvunjika, hapa hatukai, Jokha aliwaza.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Anasema usiwe na wasiwasi." Akamgeukia daktari. "Mama anasema uiache."

Upasuaji ulikwenda salama. Miezi minane baadaye Bi Ikhlas alitembea bila bakora, lakini kila alipopanda ngazi, mbele ya goti palimchoma.

"Makosa yangu," alisema. "Mazoezi nimeyafanya kivivu. Wewe umenihangaikia, mwanangu, mimi nimekuangusha. Mungu akulipe kheri."

Alizidisha mazoezi, na dua kwa Jokha pia akazizidisha. Dua zile Jokha alishindwa kuzisikiliza. Alikuwa akizikimbia, akaenda jikoni.

Asubuhi moja alimkuta mama ameshika ukuta, anakunja goti huku machozi yanamtoka.

"Acha, mama. Si mazoezi." Akamweleza yote: swali la daktari, na jibu alilolitoa mwenyewe.

Bi Ikhlas alikaa kitini taratibu.

"Labda na mimi ningesema waiache," alisema.

"Nilihofia utakataa kila kitu."

"Ningekataa, ningekuwa nimekataa mimi. Goti langu, Jokha."

Siku tatu hakumwombea dua.

Walirudi kwa Dokta Adib. Picha zilionyesha vyuma viko sawa. Maumivu huenda yalitoka kwenye pia, alisema, na huenda hayakutoka huko. Hata waliovikwa plastiki wapo wanaoumwa. Kulifungua goti tena hakukuwa na uhakika. Jokha alifasiri kila neno. Bi Ikhlas aliuliza maswali mengi, kisha akasema atasubiri.

Baada ya mwaka maumivu yalipungua, hayakwisha. Alirudi Unguja, na kila Jokha anapompigia simu huwasimulia majirani walio naye jinsi bintiye alivyomtunza. Jokha husikia, na akilikumbuka jibu lile alilompa daktari, hupata tabu kumshukuru.