Magodoro Matatu

Baba mkwe wangu alikwenda kwenye semina ya viongozi akiwa na akili zake timamu, akarudi akiwa kiongozi. Mwezeshaji, alitusimulia, amewafundisha kwamba bosi makini hakimbizani na kila kitu. Anapima uzito wa mambo, na lile zito analiweka juu. Nadhani wengine wote waliohudhuria walimwelewa yule mwezeshaji. Ila baba mkwe ana kiwanda cha magodoro, na mwenye magodoro akiambiwa aweke jambo juu, ataliweka juu kwelikweli.

Tangu siku hiyo, mwenye shida kiwandani hakugonga tena mlango wa ofisi. Alisimama katikati ya ukumbi, akajieleza, na Mzee akamkatia idadi: wewe shida yako magodoro manne, wewe saba. Vibarua wanayapanga, mwenye shida anakwea, anakaa kileleni kungoja zamu. Wa juu kabisa ndiye anayesikilizwa kwanza. Mzee mwenyewe, kwa kuwa mambo ya kiongozi ndiyo mazito kuliko yote, alikaa juu ya kumi na mawili, upara wake ukikaribia feni, na ngazi akaivuta huko huko ili asiletewe upuuzi. Shingoni alivaa ufunguo wa gari la mizigo la kiwanda. Gari halitoki, alisema, kwa jambo lolote lililo chini ya magodoro sita.

Dereva wa gari hilo ni mimi. Nililifuta vumbi mpaka rangi ikaanza kunionea huruma.

Mhasibu alipewa tisa, kwa suala la rangi ya pazia la chumba cha mikutano. Katibu muhtasi akapewa nane; alitaka kujua kile kikao cha kujadili ucheleweshaji kiahirishwe hadi lini. Fundi wa gundi, aliyekuja kusema gundi imekwisha na kazi imesimama, alipewa mawili, akakaa miguu ikiburuta sakafuni, akichezea simu yake. Wateja walifika, wakaambiwa magodoro hakuna.

"Na hayo je?" mama mmoja aliuliza, akichungulia ukumbini.

"Hayo si magodoro, mama," mhasibu alimjibu kutoka juu. "Hayo ni vipaumbele."

Mama wa watu aliondoka akitikisa kichwa, akaenda kununua mkeka.

Basi asubuhi moja mke wangu akaingia kiwandani ameshika ukuta. Mke wangu ni binti wa Mzee, binti wa pekee, na mimba yake ilikuwa imetimia. Tunaishi nyuma ya kiwanda, kwa hiyo alikuja kwa miguu.

"Uchungu umeanza," aliniambia. "Twende."

Hospitali iko upande wa pili wa mji. Teksi ya mtaani kwetu ilikuwa gereji, na kijana wa pikipiki, alipomwona tu anavyojikunja, aliwasha akatokomea. Nikaenda chini ya rundo la Mzee, nikapaza sauti kwa adabu, kama hilo linawezekana.

"Shikamoo, Mzee. Naomba ufunguo. Binti yako anajifungua."

"Marahaba, mkwe. Ameshajifungua, au ndio anataka kujifungua?"

"Anataka."

"Aa, kumbe bado." Alifumba macho akapima. "Magodoro matatu."

Nilitamani kumrushia kiatu. Lakini mtu kanipa mke, kanipa na kazi, utamwambia nini? Nikameza maneno yangu yote, moja moja, na hayakuwa matamu. Vibarua wakapanga matatu, tukamketisha mke wangu, naye mhasibu akaendelea kufafanua tofauti kati ya kijivu na kijivu kilichokolea.

Uchungu ukaja mwingine, mkali. Mke wangu aliuma mkono wa shati langu.

"Naona jambo linakua," Mzee alisema kutoka juu. "Mwongezeeni moja."

Wakamwinua, wakaingiza la nne. Ukaja mwingine, wakamwinua tena, la tano.

"Mzee!" nilipiga kelele. "Unampandisha mjamzito!"

"Nampandisha daraja, mkwe. Bado moja tu, gari liwe lake."

"Napinga," alisema mhasibu. "Kwa mwendo huu atanipita, na mimi nimetangulia."

Mzee akakuna kidevu. Hoja ilikuwa na mashiko, alisema; iangaliwe. Hapo ndipo mke wangu alipoinua uso wake uliolowa jasho.

"Baba," aliita, wala hakupiga kelele. "Siku niliyozaliwa mimi, ulikuwa wapi?"

"Hapa kiwandani."

"Ukifanya nini?"

"Palikuwa na mzigo wa sponji, mwanangu. Ulikuwa mzigo mkubwa."

"Ukaja lini kuniona?"

Mzee aliupapasa ufunguo shingoni. Mhasibu akaanza kuangalia kucha zake.

"Nilikukuta una meno mawili," Mzee alisema.

Siku nyingine yoyote tungeangua kicheko. Siku hiyo hata fundi wa gundi aliweka simu chini.

"Basi kaa huko huko, Baba," mke wangu alisema. "Nirushie ufunguo tu."

Alivua ufunguo shingoni, lakini hakuurusha. Alishika ngazi aishushe, ikamponyoka ikaanguka na kuvunjika. Akaangalia chini, akamwangalia binti yake, akaruka. Alidunda juu ya magodoro ya fundi wa gundi, akamalizikia sakafuni, na kifundo cha mguu kikalia kwa sauti ambayo sote tuliisikia. Akainuka akichechemea hadi kwenye gari. Alikaa nyuma, kwenye bati tupu, kichwa cha mwanawe mapajani mwake, na mimi nikapiga honi njia nzima.

Hospitalini walimpokea mke wangu mbio. Mzee aliketi kwenye benchi la ukumbini, mguu umevimba. Muuguzi alitaka kuutazama.

"Mpaka atoke aliye ndani," Mzee alikataa.

Katibu muhtasi alipiga simu: waliobaki juu wanauliza nani atawashusha. Mzee aliizima simu bila kujibu.

Mlango ulipofunguliwa na muuguzi akatoka na mtoto wa kike, nilinyoosha mikono, lakini baba mkwe na mguu wake mbovu aliniwahi. Alimpakata. Kwa kidole gumba akaufunua mdomo ule mdogo taratibu, akakagua ufizi wa juu, akakagua wa chini, kisha akaangua kilio mpaka watu wakageuka.

"Hana hata moja," aliniambia. "Tazama, mkwe. Hana hata moja!"