Mke Wangu Amekubali

Mwisho wa kupokea maoni ulikuwa siku hiyohiyo, saa kumi alasiri, na Fundi Lifti alikuwa hajaandika hata mstari mmoja. Wiki tatu nzima redio haikuwa na habari nyingine: kamati ya bunge inasikiliza wananchi, je, mgonjwa asiye na tumaini la kupona aruhusiwe kumwomba daktari amsaidie kufa? Daktari mmoja alisema hiyo ni huruma. Mwenzake akasema yeye hakusomea kazi hiyo. Viongozi wa dini wakaja juu. Watu wazima na afya zao wakapiga simu kutoa hukumu huku wanatafuna, unawasikia kabisa. Fundi Lifti aliwasikiliza wote akiwa kitandani, kitanda kilichohamishiwa chumba cha mbele ili apate hewa. Asubuhi hiyo, baada ya kunywa dawa yake ya maumivu, akamwambia mkewe, "Karani, lete mashine. Leo nasema mimi."

Karani ni jina alilompachika zamani, na lilimkaa. Mama huyo alikuwa mpiga chapa wa mahakama kwa miaka thelathini na moja. Hakuwahi kuongeza neno la mtu wala kulipunguza. Siku moja shahidi alimtukana hakimu tusi zito, ukumbi mzima ukashika mdomo, na yeye akaligonga tusi lile kama lilivyo, na koma yake mahali pake. Wasichana wapya aliwafundisha hivi: kazi yetu ni masikio na vidole, kichwa tuwaachie mahakimu. Aliweza kuandika kesi ya mauaji huku anawaza kama nyumbani kuna chumvi.

Akaileta taipureta yake ya zamani, akaiweka juu ya kimeza cha dawa, akavuta kiti. Binti yao angepita saa nane kuichukua karatasi, kwa kuwa ofisi yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka bungeni. Alishasema kwenye simu, "Baba, nitaipeleka. Lakini usiniombe niisome."

"Jina, umri, kazi," Karani akasema.

"Hunijui?"

"Shahidi ajibu swali."

Fundi Lifti akacheka, kicheko kikamuuma, akakiacha njiani. Mtu huyu aliwahi kupanda ghorofa kumi na nne kwa ngazi na sanduku la spana begani, kila lifti ilipogoma. Sasa kansa ya kongosho ilikuwa imemla mpaka kwenda msalani tu ilikuwa safari ya kupumzika mara mbili. Daktari alikuwa amewaambia wahesabu miezi, si miaka, na miezi miwili ilikuwa imeshapita.

Akaanza kusema. "Nimetengeneza lifti miaka ishirini na tisa. Kila lifti ina kitufe chekundu cha kuisimamisha. Wengi hawakibonyezi maisha yao yote. Lakini king'oe uone, nani atapanda kwa amani? Mimi sisemi nitakibonyeza. Nasema kiwepo." Akapumzika. "Daktari wangu ni mtu mwema. Akiniuliza maumivu ni mangapi kati ya kumi, namwambia sita, asije akahuzunika. Si sita." Akaendelea hivyo, mara polepole, mara kwa hasira, mara kwa utani, na vidole vya Karani vikamfuata bila kukosea. Kichwani mwake Karani alikuwa anawaza uji. Mzee hajala tangu jana, je, akiupata mwepesi utakaa tumboni?

Saa saba na nusu wakamaliza. Karani akaivuta karatasi, akavaa miwani. Shahidi husomewa maelezo yake kabla hajatia sahihi. Hiyo ndiyo desturi, na yeye hakuwa mtu wa kuruka desturi kwa sababu shahidi ni mumewe. Akasoma kwa ile sauti yake ya mahakamani, kavu, isiyopanda wala kushuka. Akasoma lifti, akasoma daktari. Akafika chini ya ukurasa.

"Mambo haya nimeyafikiria kwa muda mrefu. Mke wangu amekubali."

Akairudia sentensi ile kwa macho.

"Endelea," mumewe akasema.

"Hili umelisema saa ngapi?"

"Sasa hivi. Si umeandika mwenyewe?"

Kweli, lilikuwepo pale, na nukta yake. Vidole vyake vilikuwa vimekubali kwa niaba yake bila kumuuliza. Karani akahisi uso unamwaka moto. Mashahidi wangapi aliwacheka moyoni kwa kukubali wasichokijua, na leo yeye mwenyewe!

"Nimekubali lini?"

"Hujakataa," Fundi Lifti akasema. Hakusema kwa ubishi. "Wiki tatu redio inaongea, wewe unakunja nguo. Nikajua umekubali."

"Nilinyamaza kwa sababu nikifungua mdomo nitalia. Nikilia utanihurumia, na ukinihurumia utaacha kusema unachotaka. Ndiyo maana nilinyamaza. Lakini kuniuliza, bwana, hukuniuliza."

Fundi Lifti akageuza kichwa kwenye mto.

"Haya, mke wangu. Nakuuliza. Unakubali?"

"Hapana."

Neno hilo lilimtoka jepesi kuliko alivyodhani, na mengine yakafuata. "Najua unaumia. Unauma shuka ili nisikusikie, nami nakusikia. Ukiumia naomba ulale. Ukilala nakuwekea kiganja puani nione kama unapumua. Nataka maumivu yaishe na wewe ubaki, na najua hakuna fomu ya hivyo. Tena sheria yenu ikipita, hicho kikombe cha dawa ya kufa atakuletea nani? Daktari ataondoka na mkoba wake. Nitabaki mimi jikoni, nakiosha."

Fundi Lifti alikuwa na majibu ya watu wote wa redioni, ya wachungaji, ya mashehe, ya madaktari. La kikombe hakuwa nalo.

"Futa ile sentensi," akasema.

"Hatufuti. Shahidi akikosea anasahihisha. La kwanza linabaki, la pili linafuata."

"Hata nyumbani?"

"Hata nyumbani."

"Nikiandika kwamba umekataa, watanitupa kapuni. Watasema huyu hata mkewe kamshinda, anatuletea sisi nini?"

"Wanaweza kusema hivyo," Karani akakiri. Hakutaka kumdanganya, na roho ilimuuma, kwa sababu alijua jinsi mtu huyu alivyotaka kusikilizwa mara moja tu kabla hajaondoka.

Mlango ukafunguliwa. Binti yao aliingia na bahasha mkononi, akaona nyuso zao, akasimama palepale penye kapeti bila kuvua viatu.

"Kaa, mwanangu," baba yake akasema. "Bado kidogo." Kisha kwa mkewe, "Weka karatasi. Andika sahihisho."

Karani akairudisha karatasi ileile kwenye mashine.

"Nilisema mke wangu amekubali. Nilisema bila kumuuliza. Leo nimemuuliza, amekataa." Akavuta pumzi. "Bado naomba sheria hiyo, kwa sababu anayeumia ni mimi. Lakini yeyote atakayeitunga, kwanza akamuulize atakayebaki anaosha kikombe. Mimi nilichelewa."

Safari hii Karani alisikia kila neno. Aliandika yote, hakuongeza, hakupunguza, ingawa pale kwenye "bado naomba" vidole vilitaka kukwama. Akaichomoa, akaanza kumsomea kama desturi. Ile sauti kavu ikamfikisha mpaka "amekataa", ikakatika hapo. Akalia, akalia waziwazi, mbele ya mumewe na mbele ya mtoto wake.

Fundi Lifti akamtazama mpaka macho yake mwenyewe yakajaa. Kisha akanyoosha mkono kuomba kalamu. Karani akampa, akaishikilia karatasi isiteleze mpaka alipomaliza kutia sahihi.